Wazee Tuliotaka Kugawana

Kintinku

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Babu yako amepona kifua, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, mnene kweli.

Unauliza muanzie wapi, maana shirika lililokuwa likitunza wazee huko kwenu limefilisika na ninyi mmekabidhiwa kazi yake. Hilo nimelipitia. Wakati wa Ujamaa, nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa hapa, chama cha hisani kilichokuwa na nyumba ya wazee wasio na ndugu kiliishiwa, watumishi wakaondoka. Mkutano wa kijiji ukaamua tuwagawane, kila kaya mzee mmoja.

Mimi nilipewa Bibi Mbeleje, asiyeona. Nikamshika mkono twende, akagoma.

"Na Sechelela je?" Huyo alikuwa mwenzake, asiyeweza kutembea.

"Anakwenda kwa mwenyekiti, bibi."

"Mwanangu, huyu ndiye anayenieleza kila asubuhi nje kukoje. Mlituuliza?"

Hatukuwauliza. Nikarudi mkutanoni, nikawaeleza alivyosema. Wanaume walinung'unika, lakini mwenyekiti akakubali: wazee wakabaki pamoja nyumbani kwao, na sisi akina mama tukawa tunawapikia kwa zamu.

Mpaka leo nawaona wale wawili wakitaniana huku wakimenya karanga. Nilikuwa nakwenda hata siku isiyo zamu yangu. Ndiko nilikocheka kwa mara ya kwanza tangu nilipoacha kwetu.

Nisalimie wazee wako.

Bibi yako,
Mama Yohana