Baba Yako Yuko Bandani

Kijiji cha Yangshugou,
Lingyuan.
Siku ya uji wa nafaka nane, mwezi wa kumi na mbili.

Mpendwa mjukuu wangu Zhenhai,

Pokea salamu zangu. U hali gani huko kusini? Kifua kimepona? Unakula ukashiba? Najua utajibu kwamba u mzima, maana hata ungevunjika miguu yote miwili ungejibu hivyo hivyo. Lakini kuuliza ni wajibu wangu, na nimeuliza.

Mimi ni mzima. Magoti yananiuma, na meno yaliyobaki yote yako upande mmoja, ila sauti yangu bado inafika kisimani. Waulize majirani, watakwambia inafika hata wasipotaka.

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Simu anaishika mama yako, na mimi nikiipata husimama ubavuni kwangu akinifinya mkono nisiseme. Karatasi hainifinyi. Kusoma nilisoma darasa la watu wazima, majira mawili tu ya baridi, tena nikiwa na mtoto mgongoni. Herufi zikiwa zimelala, zisome zikiwa zimelala. Usinicheke.

Leo asubuhi ulipiga simu tukinywa uji. Ukauliza baba yuko wapi. Mama yako akakujibu, "Yuko bandani, anakunja majamvi." Zhenhai, baba yako alikuwa amekaa karibu yangu juu ya kitanda chetu cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, uji unamchuruzika kidevuni, nami nampangusa kwa kona ya aproni yangu. Baba yako anaumwa. Anaumwa tangu mwezi wa kumi. Mara zote ulizoambiwa yuko bandani, ulikuwa unadanganywa.

Sasa umejua. Kaa chini, usome pole pole, usiruke mstari kama ulivyokuwa unaruka shuleni.

Mama yako usimkasirikie. Hapa kwetu unajua tunavyofanya, aliye mbali hupelekewa habari nzuri tu. Kila nikitaka kukwambia, ananiambia, "Mama, yuko mbali, atafanya nini? Tutamkosesha usingizi bure." Nikamwacha, nikamwacha, hadi leo nikaweka bakuli la uji chini, nikachukua kalamu. Mtoto mwenye akili zake hafichwi ugonjwa wa baba yake.

Ilikuwa hivi. Kile kitanda cha mboji kilicho chini ya matango, mle ndani ya banda la plastiki, unakifahamu, umekulia juu yake. Miaka yote tulichimba mtaro, tukatandika mabua ya mahindi, majani ya miti ya popla na samadi ya nyumbu wa mkokoteni, tukanyunyiza maji ya uvuguvugu, kisha tukakanyaga. Chini kukichemka, juu matango yanakua na theluji iko nje. Lakini siku hizi kijijini hakuna nyumbu hata mmoja. Kila nyumba imeuza, imenunua pikipiki ya magurudumu matatu, na pikipiki hainyi kitu cha maana.

Kwa hiyo baba yako alileta samadi ya kuku kutoka kule wanakofuga kuku kwa maelfu. Mbichi, imelowa, inanuka mpaka machozi. Nikamwambia, "Shuhe, huu ni uji, hauwezi kuchemka. Changanya na majani makavu, uache upumue kwanza." Akanijibu, "Nitaukausha na nini, Mama? Na maneno yako?" Unajua ulimi ule ameutoa wapi, sitasema.

Kisha ukaja wakati wa kukanyaga. Unakumbuka tulivyokuwa tunajipanga mtaroni, huyu kamshika yule mabega, mimi mbele nahesabu? Babu yako, Mungu amrehemu, alizoea kusema tukanyage kama unavyomkanyaga mama mkwe, aumie kidogo lakini asife. Kila mwaka alisema vile vile, na kila mwaka mama yako alicheka kwa kuziba mdomo. Mboji ikikanyagwa kidogo mno inaungua upesi na kuisha. Ikigandamizwa kama tofali inakosa pumzi, inachacha, haitoi joto. Wastani wake unaujua kwa nyayo, hakuna mtu wa kukufundisha kwa maneno.

Safari hii nilikuwepo mimi na fimbo zangu, mama yako, na Mzee Qi jirani ambaye nyonga yake moja ni ya chuma. Baba yako akatutazama sote, akasema, "Watu wa kukanyaga wako wapi, Mama? Nitajie majina, niwaite." Vijana wote mko huko mliko.

Akaazima trekta dogo, akapita nalo juu ya mboji, mbele na nyuma. Mimi nilikaa ukutani nikipiga kelele.

"Shuhe! Unatengeneza kitanda au barabara?"

"Barabara, Mama! Ili Zhenhai apate njia ya kurudi!"

Akacheka. Na mimi nilicheka, nisikufiche.

Kitanda hakikuchemka. Nilichomeka kijiti cha mti kwenye mboji kama kawaida, nikakiacha, nikakichomoa nikakiweka shavuni. Baridi kama pua ya mbwa, na harufu ya kabichi iliyochacha. Baba yako akasema tusubiri. Tukasubiri, na theluji nayo haikusubiri. Mbingu zikafunga. Yale madumu ya maji tuliyoyapaka rangi nyeusi na kuyapanga ukutani yahifadhi jua, jua lenyewe la kuhifadhi likakosekana. Matango yalikuwa yameanza kutoa maua. Baba yako akayatazama yale maua, na akili ikamruka.

Alichukua jiko la makaa ya mawe la stoo, akaliingiza bandani bila bomba la moshi, maana bomba lingetoboa plastiki. Akateremsha majamvi ya kufunika plastiki. Akaziba mlango kwa ndani na blanketi kuukuu, akalala humo humo auangalie moto. Aliuziba vizuri mno. Kila mtoto wa kijiji hiki, kabla hajajua kuita mama, ameshaambiwa afunge mlango joto linatoka.

Asubuhi mama yako alimpelekea mikate ya mvuke, akabisha, kimya. Akasukuma mlango, umekaza. Mwanamke yule ambaye wewe unamwona mnyonge alichukua jembe akapasua plastiki yote ya mbele, kutoka chini mpaka juu, akaingia akamburuta baba yako kwa kwapa akamlaza kwenye theluji. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa bwana harusi. Matango yakawa meusi hapo hapo kwa baridi, mama yako hakuyageukia hata mara moja. Tangu siku ile nimeacha kumsema kuhusu chumvi anayozidisha kwenye mboga.

Hospitali ya wilaya walimpa hewa ya mtungi. Akazinduka, akarudi nyumbani, akala, akabishana nami kama kawaida. Tukasema yamekwisha. Wewe mwenyewe uliongea naye kwenye simu, utakumbuka, akakwambia matango yanatoa maua. Alikuwa amekaa dirishani, anatazama plastiki iliyochanika, na anakwambia matango yanatoa maua.

Baada ya wiki kadhaa ugonjwa ukarudi kwa mlango wa nyuma. Siku moja alivaa kiatu mkononi. Siku nyingine alikojoa kizingitini, akasimama akiangalia mkojo wake unavyoganda. Sasa mimi ananiita shangazi. Daktari anasema hiyo ndiyo tabia ya hewa ya makaa, humwachilia mtu, halafu humfuata nyumbani. Wapo wanaorudiwa na akili ndani ya mwaka, na wapo wasiorudiwa. Hakuniahidi kitu. Nimempenda kwa hilo.

Sasa nikugeukie wewe. Binti yake Mzee Qi, Yuzhen, aliye huko huko kusini, alikuja hapa kijijini kwenye harusi mwezi uliopita. Anasema geti la kiwanda chenu limefungwa tangu majira ya majani kuanguka. Anasema unabeba masanduku ya samaki sokoni na unalala chumba kimoja na wanaume wanane. Na sisi unatuambia huji mwaka mpya kwa sababu bosi anakupenda sana, amekuongezea zamu!

Basi kuna mwongo gani ambaye hayumo katika familia hii? Mama yako anakupa habari nzuri, wewe unampa habari nzuri, mnashibishana vile viandazi vya jiaozi visivyo na nyama ndani. Kukosa kazi si kuua mtu. Unaona aibu kurudi mikono mitupu? Nani alikuomba mikono iliyojaa? Nilikuomba lini?

Nisikilize jambo lingine. Baba yako alipoanza kupotea akili, niliamuru mtaro ufukuliwe. Mama yako akanijia juu: "Mama, matango yamekufa, unampikia nani hicho kitanda?" Nikamwambia ni cha miche ya masika, na akae kimya atafute koleo. Tuliishona plastiki kwa uzi wa viatu na kuibandika viraka, sasa inafanana na suruali ya ombaomba. Mzee Qi bado anasaga soya za tofu kwa punda wake, akatupa mavi ya punda, makavu, mepesi, yenye moto wake. Majani tulifagia uwanja wa shule, shule yenyewe haina watoto. Tukachanganya na ile samadi iliyochacha, tukaifanya ipumue.

Kisha tukakanyaga. Baba yako nilimshika mkono mimi mwenyewe nikamwingiza mtaroni. Akasimama kama nguzo. Nikamwekea mikono mabegani, nikaanza kuhesabu ile hesabu yetu ya zamani. Zhenhai, miguu yake ikaanza. Taratibu, kwa uzito ule ule unaotakiwa, hazidishi, hapunguzi. Mtu asiyejua kiatu ni cha mkono au cha mguu! Mama yako akaanza kulia, nikamwambia atoke akalie nje, mboji isizidi maji.

Kitanda kimechemka. Asubuhi plastiki inatiririka jasho kwa ndani, na kijiti hukihimili shavuni. Usiku tunafunika kwa majamvi, mchana tunayakunja hata kukiwa na mawingu, angalau mche uone mwanga kidogo. Makaa hayaingii tena kwenye banda lile nikiwa hai. Jiko lenyewe nimelitupa chooni, na anayetaka kulitoa akalitoe.

Miche ya matango imechomoza, ya maboga pia. Karibu itafika kimo cha kuunganishwa. Mama yako macho yake hayaoni tena makali ya wembe, mikono yangu inatetemeka, na baba yako hapewi wembe. Aliyebaki ambaye mkono wake unajua kuunganisha mche wa tango juu ya shina la boga ni wewe. Miche ikipitiliza, shina linakuwa na tundu katikati, haliungani tena, na masika tutakula majamvi. Sikuiti uje kulia. Kuna kazi.

Na baba yako usije ukidhani atakurukia shingoni. Huenda akakuita mjomba, huenda asikuite chochote. Jiandae kwa hilo ukiwa kwenye treni, usije ukajiandaa mlangoni kwangu.

Ila kuna kitu kimoja. Kila asubuhi hutoka mwenyewe, hahitaji kuongozwa, anaenda bandani. Hukaa juu ya kikapu kilichopinduliwa karibu na kitanda, kijiti shavuni. Mtu yeyote akiingia, yeye hageuki. Husema tu, "Zhenhai, funga mlango, joto linatoka." Mama yako akiingia, yeye ndiye Zhenhai. Mzee Qi akiingia, Zhenhai. Juzi punda aliingiza kichwa, naye akawa Zhenhai. Wote hufunga na kuitikia, "Ndiyo, Baba." Mimi hufunga, lakini siitikii. Jina si langu.

Kwa hiyo ukipiga simu tena na mama yako akakwambia baba yako yuko bandani, safari hii hakudanganyi. Lakini usipige. Panda treni.

Mama yako angekusalimu, ila hajui kama ninaandika, na utakapofika atajua. Mzee Qi anakusalimu na kusema punda anakudai miguu ya kukanyagia, maana mavi ameshatoa yeye. Yuzhen akikuona sokoni mwache, asilaumiwe kwa mdomo wake, mimi ndiye niliyemkamua. Wasalimie hao wanane unaolala nao, waambie wafungue dirisha kidogo kama wanakoka moto.

Mungu wa mbinguni akulinde njiani, akupe kiti cha kukaa na mtu mwema wa pembeni. Njaa isikukute, baridi isikuingie kifuani.

Ukifika usipite nyumbani kwanza kuweka mzigo. Nenda moja kwa moja bandani, usibishe hodi. Ingia, ufunge mlango nyuma yako, na akikuambia la kukuambia, uitikie.

Ni mimi nikupendaye, hata nikikukemea,
Bibi yako,
Luan Fengqin.