Tarehe Niliyomfundisha Ngazi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, na ule mgongo umekubali kukuacha ufue nguo kwa amani. Shemeji naye, bado anakoroma na kukana? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayaona huko chini.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Umeniuliza ni hasidi gani aliyemchongea mwanao Ngazi, mpaka akafungiwa miaka miwili asicheze mpira. Umemlaani kocha wa timu pinzani pamoja na kizazi chake. Laana hiyo naomba uisimamishe kwanza, Dada, nikueleze ligi yetu inavyoendeshwa.

Akademia ziko kumi, zinakutana nyumbani na ugenini, mizunguko miwili. Kila Jumamosi wanatangulia walio chini ya miaka kumi na tatu, wanafuata wa chini ya kumi na tano, mwisho wa chini ya kumi na saba, uwanja ukiwa umeshageuka vumbi. Mimi karani wa usajili nakaa na sanduku la kadi kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Kabla ya mechi naita jina, mchezaji anasogea, anataja tarehe yake ya kuzaliwa, nami nalinganisha uso na picha. Anayesitasita namweka pembeni. Hiyo ndiyo mashine yetu yote ya kupimia umri: kigugumizi.

Mwanao hakusitasita hata siku moja, na sababu unaijua. Ulipokuja kwangu ukilia kwamba akademia haichukui mtoto aliyepita miaka kumi na nne, mimi ndiye niliyempunguzia miwili. Nikamkalisha jikoni kwangu, nikamkaririsha tarehe mpya mpaka akawa anaitaja huku anatafuna. Watazamaji hawakuwa vipofu. Walimuuliza kwa kelele mke amemwacha na nani, na kama wale wengine uwanjani ni wanawe. Nami nilicheka nao, muhuri ukiwa mfukoni.

Mechi ya mwisho ya mzunguko wa kwanza, Ngazi aliteleza kuuwania mpira, akamkuta winga wa wapinzani. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na kilo ishirini za ziada tu. Mfupa ulilia, nikausikia nikiwa mezani. Kesho yake nilikwenda hospitali kujaza fomu ya majeruhi. Miguu ya yule mtoto ilikuwa imeishia katikati ya kitanda, pamoja na plasta. Nilipomuuliza tarehe ya kuzaliwa alijibu kwa ukakamavu, kana kwamba yuko mbele ya meza yangu, kisha akataka kujua kama kadi yake bado imo sandukuni. Nikamwambia imo. Daktari alikuwa ameshamwambia mama yake mambo mengine.

Pingamizi lazima liandikwe ndani ya saa arobaini na nane, liwe na jina na sahihi. Kocha unayemlaani aliandika kweli, lakini alimlalamikia refa tu. Zilipobaki saa mbili, nikaandika mimi, kuhusu umri wa Ngazi. Ni mimi, Dada.

Kamati ilinisifu kwa umakini. Sikuwaambia ni nani aliyepunguza miaka. Wakamwita Ngazi, mwenyekiti akamwomba kwa upole ataje tarehe yake ya kweli. Akataja ile ya jikoni. Akaambiwa arudie, akataja ileile, kisha akanitazama, kama anayeomba nimsaidie kukumbuka. Nikainamia kadi zangu. Wakaandika kwamba mchezaji na mzazi wake wamedanganya. Jina langu halimo.

Kesho litakuwemo. Barua yangu ya kukiri kwa kamati nimeshaitia sahihi, iko hapa chini ya kikombe. Yako nimetaka itangulie. Ile ya kamati haitamfungulia Ngazi, wala haitamrudishia yule mtoto mguu wake. Kazi nitaipoteza, na huenda nikakupoteza na wewe pia.

Nisalimie shemeji. Ngazi naye, kama bado anapokea salamu zangu, mwambie Jumanne ijayo anatimiza miaka kumi na saba, si kumi na tano. Mkumbushe wewe mwenyewe, taratibu. Mimi nimeshamfundisha vya kutosha.

Ni mimi mdogo wako,
Karani