Wakfu wa Bwana Nassor

Jumatatu, baada ya isha

Na bado wanajiita wataalamu. Tangu asubuhi tumekaa mtaa wa Al Khuwair, watu wazima sita, tukitengeneza kamusi ya sheria ya Kiingereza na Kiarabu, na maana ya neno inapigiwa kura halwa ingali mkononi.

Waingereza wana utaratibu wa kumkabidhi mtu mali awashikie watoto wako, na ikihitajika inauzwa. Sheria ya huku kwa Waarabu haina kitu hicho. Mwenyekiti wetu, Bwana Nassor, akasema tuandike wakfu tu. Nikamwambia mali ya wakfu haiuzwi wala hairudi kwa mwenyewe. Mtu atatia saini, kumbe kaifunga nyumba yake milele. Tueleze kwa sentensi nzima.

"Salma, sentensi nzima haikai kwenye kisanduku cha jedwali," akasema.

Basi hiyo ndiyo elimu yao, upana wa kisanduku. Wote wakanyoosha mikono kulipitisha neno lake. Nani atambishia mtu aliyemkirimu halwa na kahawa sasa hivi?

Nnaogopa, kusema kweli. Mawakili wataifuata kamusi hii kama ilivyo, na watakaoumia ni wajane na mayatima ambao hawakuwahi hata kuiona.

Magharibi Bwana Nassor kanipigia simu, sauti kaishusha. Anataka nimwandikie hati ya nyumba yake ya Azaiba, awawekee mabinti zake.

"Lakini mwanangu, lile neno la wakfu usilitie. Huenda siku moja nikataka kuiuza."

"Haya, Sheikh," nikamjibu. "Nitaeleza kwa sentensi nzima."