Tovuti Yangu Ni ya Ming'oko

Mkunya, Newala
14 Agosti

Kaka yangu Optatus,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Dodoma, wewe na wifi yangu Rose na watoto? Kikohozi cha mdogo wao kimepoa? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua akiamka, lakini jua likipanda anatembea, na ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mikorosho tumemaliza kuipulizia, mihogo ipo, Petro wangu anasoma. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri, utadhani una miaka saba.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Jumapili hata kukuamkia sijamaliza ukaniamuru: hadi mwisho wa mwezi niwe nimeifuta tovuti ya ming'oko, hivi viazi vyetu vya porini, na kuirudisha ya korosho, la sivyo unaichukua kompyuta yako. Leo utanisikiliza hadi mwisho, maana barua huwezi kuikatia.

Ulipoileta ile kompyuta nilifurahi sana, na ahsante yangu haijafutika. Nilikwenda Masasi wiki sita kujifunza kutengeneza tovuti kwa Mwalimu Husseni. Siku ya kwanza alituambia kila mmoja achague mada moja anayoweza kuiandikia mwaka mzima bila kuchungulia kwa jirani. Darasa zima tukaandika korosho. Alicheka hadi akavua miwani. Mimi nikang'ang'ania korosho hiyohiyo kwa kuwa wewe ndiwe uliyeitaka, nikaandika makala nne, zote nimeziokota kwa wengine. Waliozisoma ni mimi na wewe, na wewe sidhani kama ulifika mwisho.

Ndipo Husseni akaniuliza watu wa kijijini kwangu hunisimamisha njiani kuniuliza nini. Sikuhitaji kufikiri. Korosho hakuna anayeniuliza, kila mtu huku ana mikorosho yake. Wananiuliza ming'oko. Majani yepi ni ya mng'oko wenyewe na yepi ni ya kile kiazi kichungu cha porini kinachotapisha watu, unachimbia upande gani, unachemsha kwa muda gani. Wananiuliza mimi kwa sababu ni binti wa Mama.

Nilianza vibaya, hilo sikufichi. Katika makala ya kwanza ya ming'oko nilitaja mahali: kile kichaka cha bondeni, kushoto kwa njia ya kisimani. Wiki haikuisha, wakaja watu na bodaboda kutoka mjini, wamebeba magunia. Walichimba siku mbili, wakaacha mashimo wazi na vichwa vya mimea wamevitupa juani. Wewe umezaliwa huku, unajua. Mng'oko ukishachimbwa, kichwa chake kinarudi shimoni na udongo unarudi juu yake, ili mwakani uote tena. Bi Adija, yule jirani yetu wa ng'ambo ya msikiti, alikuja na wanawake sita na hata kiti hakupokea. Alisema nimewauza kwa watu wasiojua kufukia. Nilikwenda nao siku tatu kurudisha vichwa vile kimoja kimoja, vingine vimeshakauka mkononi. Niliona aibu sana, Kaka.

Ulipopata habari hizo ulisema basi, hiyo ni sababu tosha ya kufunga. Mimi nasema sifungi. Jina la mahali nimelifuta, na sasa tovuti ina jambo moja tu, namna ya kuutambua mng'oko, kuuchimba na kuufukia. Msitu wa mtu siutaji. Mama anaeleza, mimi napiga picha mikono yake na kuandika. Bi Adija mwenyewe ananiletea maneno, na nikikosea ananisema mbele za watu. Wiki iliyopita mama mmoja wa Chiwata alinipigia simu. Alikuwa amekwisha kuinjika chungu, akalinganisha majani na picha yetu, akamwaga kila kitu. Vilikuwa vile vichungu, na watoto walikuwa wanangoja sahani.

Ulisema nakuaibisha, kwamba wakwe zako wakimwona Mama ameinama shimoni watajua tumekulia chakula cha njaa. Wajue! Tulikula tukashiba, na wewe ndiye uliyekuwa ukikwangua sufuria. Kisha ukauliza nani atasoma maandishi ya mtu aliyefeli darasa la saba. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Kaka, sikufeli. Majina yalipobandikwa shuleni nilikwenda peke yangu, nikajikuta wa nne kutoka juu. Nilisoma mara mbili, nikarudi nyumbani nikamwambia Mama simo. Mwalimu mkuu alipokuja kuuliza, Mama alikuwa porini, nikamjibu tumeshaamua. Baba alikuwa ametutoka mwaka ule, wewe uko bwenini kidato cha tatu, na ada yako ilikuwa ni ndoo ya ming'oko ambayo Mama alikuwa akiipeleka soko la Newala. Peke yake alikuwa haijazi. Ningesema ukweli angelazimika kuchagua mtoto mmoja, nami sikutaka achague.

Mama nimemwambia juzi. Alilia, akanipiga begani, akalia tena.

Sikudai kitu, usije ukaanza kutuma pole. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikachagua mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, na safari hii nimechagua vilevile. Kompyuta yako hii hapa, nimeifunga pamoja na barua na nimeipangusa vumbi. Mwalimu Husseni amenipa nafasi kwenye kompyuta yake kila Jumamosi, na nauli ya kwenda Masasi ninayo. Jumamosi ijayo napandisha makala ya ile ndoo, na jina lako nitalitaja.

Wasalimie wote nyumbani, hasa wifi yangu, mwambie ming'oko aliyoagiza nimemtilia chini ya kompyuta. Mungu akulinde.

Mdogo wako aliyefaulu,
Anastasia