Matundu Matano Kwenye Karatasi Namba Saba

Tucker, baba yako ameshafika nyumbani? Usimwambie kitu kwanza, soma mpaka mwisho.

Unakumbuka Mzee Halvorson alisema nikilenga vizuri leo kwenye mashindano ya klabu, Jumatatu naanza kazi kwenye duka lake la bunduki. Nikapiga risasi zangu tano. Kaka, nilijua zimeingia.

Tunaenda kuangalia, karatasi yangu ya shabaha, namba sita, haina hata tundu moja.

Namba saba, ya mzee mwenyewe, ina matundu matano. Yote unayafunika kwa kizibo cha soda.

Nilikuwa napiga karatasi ya jirani. Zote tano.

Na risasi zake mzee? Jana kafunga darubini mpya ya kulengea kwenye bunduki yake, hakuijaribu. Muda wote nilikuwa naona vumbi linaruka juu kabisa kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, nikajisemea huyu mtu ana shida.

Mzee akaitazama ile karatasi weee. Akawaambia waliokuwa wakimsifu, "Ni hii darubini." Halafu tena, kwa upole, "Ni hii darubini, jamani."

Watu wakaanza kumuuliza anazo ngapi dukani.

Akanishika bega. "Kijana, yaani hata pembeni ya karatasi hukugusa?"

"Sikugusa, mzee."

"Njoo Jumatatu hivyohivyo. Wewe kulenga huwezi, lakini mdomo wako umetulia."

Kazi nimepata. Naanza kwa kuibandika ile karatasi ukutani, juu ya kaunta, nimweleze kila mteja uzuri wa darubini.

Baba yako ameagiza mbili, za msimu wa kuwinda kulungu.