Gari la Baba Lilivyozunguka Meru

Maji ya Chai,
Februari 1997

Kaka Ephraimu,

Shikamoo. Habari za Dar na joto lake? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mimi nimechoka, kaka, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Tangu nipunguzwe kazi kiwandani kila mtu ananiona nina nafasi, na Baba ndiye wa kwanza.

Wazungu walileta huku mashindano ya magari ya kizamani, yale madogo ya kukaa watu wawili. Sisi tunahangaikia magari ya Dubai, wao wamekuja kukimbiza vikongwe! Baba akakumbuka Triumph yake aliyoachiwa na yule Mgiriki wa shamba la kahawa, akaenda kuomba namba, akapewa. Nilimsihi atulie, umri umekwenda. Akasema ameingojea siku hiyo tangu ujana, na msoma ramani wake ni mimi. Unamjua, akishaamua hata mchungaji hamwezi.

Tulitoka Arusha asubuhi. Alitaka nimtajie kila kitu: kona, shimo, mbuzi, mtu wa baiskeli. Nikisema kushoto anakata, nikisema breki anakanyaga. Nilidhani ndiyo sheria za mashindano. Sauti ilinikauka, na vumbi nimelila la mwaka mzima. Lakini tulipowapita Waingereza wawili wamefungua boneti, Baba alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Mama atutoke.

Oldonyo Sambu tulisimama injini ipoe. Watoto wa Kiarusha wakaja kuamkia. Unajua wanavyoinamisha kichwa ili mkubwa awaguse utosini. Kasichana kamoja kakasimama mbele ya Baba, kameinama. Baba, ambaye hajawahi kuipuuza salamu ya mtoto, alikuwa anatabasamu tu kuelekea mlimani. Kasichana kakangoja. Wenzake wakaanza kucheka. Hapo nikaelewa, kaka. Nikamshika Baba mkono, nikauweka juu ya kichwa cha yule mtoto.

Hakubisha. Alisema macho yalianza kumwacha mwaka juzi, sasa anaona mwanga na vivuli tu, na alitaka kuuzunguka mlima na gari lake mara moja kabla giza halijafunga. Nilimkasirikia hadi nikalia, maana angetuua, na angeua mtoto wa watu. Akanipa ufunguo. Niliendesha mimi hadi Usa River, yeye akinitajia kona moja moja kwa kumbukumbu, na hakukosea hata moja. Tulifika wa mwisho. Watu wakapiga makofi, wakidhani mzee ameamua kumpa binti yake heshima.

Amenikataza nisikwambie, lakini siwezi kulibeba hili peke yangu. Njoo Pasaka tumpeleke kwa daktari wa macho.

Wifi na watoto nawasalimu sana. Baba naye anakusalimu, yuko nje anaota jua. Ukija, usimwonyeshe kwamba unajua. Ila ukiwa bado mlangoni, kabla hujampa mkono, taja jina lako.

Ni mimi mdogo wako,
Tekla