Majina Yako Matatu, Baba

Baba,

Shikamoo. Kahawa ya nyuma ya nyumba imeiva. Mama anaichuma peke yake huku akinuna, utadhani umeondoka ili kukwepa kazi.

Nina aibu, Baba. Unamkumbuka Upendo, yule nesi mdogo wa Sekei, wa wodi uliyolazwa? Alikuuliza majina yako matatu kabla ya kukupa dawa, ukamkazia macho. "Binti, asubuhi umeniuliza. Kwani nimebatizwa upya mchana huu?" Wodi nzima ikacheka. Nami, mfamasia ninayefundisha manesi wasimpe mtu dawa kabla hajataja majina yake yote, nikamvuta pembeni. Nikamwambia huyu ni baba yangu, usimsumbue, wewe mwite Mzee Mbise tu.

Mzee Mbise! Huku kwetu Meru, ukiita hivyo wanageuka wazee wangapi? Kesho yake akaita, ukaitika wewe, ukachomwa insulini ya Mzee Mbise mwingine, wa kitanda cha dirishani. Bado naliona jasho lako lile, na mikono ilivyotetemeka mpaka dripu ya sukari ilipokurudisha.

Hukugomba. Upendo alipokuja tena, macho yamemvimba kwa kulia, ukamwahi kabla hajafungua mdomo: "Elirehema Anaeli Mbise!" Kwa sauti ya kanisani. Mzee wa dirishani naye akajitaja, na wazee wengine wakafuata. Mlimwondolea mtoto wa watu woga wa kuuliza. Mimi nilisimama mlangoni, nisijue niweke wapi uso.

Moyo wako ulichoka baadaye, kwa ugonjwa ule ule uliokulaza, si kwa ile insulini. Tumekuzika karibu na migomba. Upendo wamemtoa wodini, na kesho nina mafunzo ya manesi. Mfano waliopanga nifundishie ni uzembe wake, naye atakuwepo, amekaa nyuma. Mpaka leo sijafungua mdomo. Mimi, Baba, uliyenisomesha kwa kahawa hiyo hiyo.

Kesho nitasema ni nani aliyemkataza kuuliza. Nitasema mbele yake na mbele ya matroni. Wakininyang'anya ualimu, wachukue. Nakuahidi, hatabeba mzigo wangu hata siku moja zaidi.

Pumzika, Baba. Tukionana huko sitasubiri uniulize majina.

Neema Elirehema Mbise